Msituletee D-4D Kakuma

Ukifika gereji yoyote ya Lodwar na Land Cruiser ya zamani iliyochoka, utaandikiwa dawa kabla boneti haijafunguliwa. Toa hiyo injini ya 2H, tupa huko. Panda basi uende Nairobi, ingia Grogan, nunua D-4D iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani, uipachike humo. Itavuta, itabana mafuta, haitatoa moshi, na gari litakuwa jipya kwa pesa kidogo. Wanaosema hivyo si wajinga. Wengine ni mafundi hodari wenye skana, na magari waliyoyabadilisha wameyaona kwa macho yao yakitoka gerejini yananguruma vizuri. Shida ni kwamba huyaona yakitoka tu. Kurudi kwake mara nyingi ni juu ya lori.

Nabishana na ushauri huo, na nabishana nao hapahapa Turkana. Mtu wa Thika au Nakuru na afanye apendavyo. Gari likimzimikia, anapiga simu na fundi anafika kabla chai haijapoa. Sisi kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300, hadi Nairobi karibu 700. Swali letu la kwanza kuhusu injini lisiwe ina nguvu za farasi ngapi. Liwe hili: ikikufia Lokitaung, nani ataifufua, na kwa vifaa gani? Injini ambayo jibu lake ni "Eldoret" haiwezi kuitwa ya bei nafuu, hata kama umepewa bure.

Nianze na dizeli, kwa sababu hapo ndipo wengi walipofilisikia. D-4D inayosifiwa gerejini ni 1KD-FTV, ile ya lita 3.0 ambayo Toyota ilianza kuitia kwenye magari yake mwaka 2000 na baadaye ikaenea kwenye Prado, Hilux na Hiace. Ndani yake dizeli husukumwa kwenye reli moja kwa shinikizo linalozidi bar 1,300, na injekta hufunguliwa kwa umeme, kwa amri ya kompyuta. Kwenye 1HZ, injini ya silinda sita ya lita 4.2 ambayo Toyota imeiunda tangu 1990, nozeli hufunguka kwa bar 150 hivi, kwa msukumo wa dizeli yenyewe. Shinikizo kubwa namna ile hudai vyuma vilivyochongwa kwa nafasi ya mikroni chache tu. Uchafu ambao 1HZ itauchoma ikatoa moshi na kuendelea na safari, ndani ya injekta ya D-4D unasaga chuma siku baada ya siku mpaka injekta ianze kuvuja.

Sasa tazama dizeli inavyouzwa ukishaiacha barabara kuu. Pipa limelazwa kivulini. Mpira unaingizwa, mwenye duka anavuta kwa mdomo, anatema, dizeli inateremka kwenye dumu ambalo jana lilikuwa la mafuta ya kupikia. Kwenye mdomo wa tangi inawekwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, na ndani yake kitambaa. Kitambaa hicho kinazuia nzi na majani makavu. Hakizuii maji yaliyotuama chini ya pipa, wala lile vumbi laini la huku linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Dereva wa 1HZ anajua la kufanya. Anainama chini ya chujio, analegeza kiskurubu, anapiga pampu ya mkono iliyo juu yake, maji ya kahawia yanatoka, kisha dizeli safi, anakaza, anaondoka. D-4D nayo ina chujio lenye tundu la kutolea maji, sikatai. Lakini hakuna chujio linalokamata kila kitu, na hicho kinachopenya ndicho ninachokizungumzia.

Tena hapo sijagusa wachakachuaji. Serikali yenyewe ilikiri ukubwa wa tatizo hilo Septemba 2018 ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi chuma kama dizeli inavyolainisha. Pampu ya zamani hulalamika na kuchakaa polepole. Pampu ya D-4D ikianza kusagika, vipande vyake vya chuma huingia kwenye reli na kumaliza injekta zote nne kwa mpigo. Injekta mpya halisi ni makumi ya maelfu ya shilingi kila moja. Zidisha kwa nne, halafu uniambie akiba iko wapi.

Na je, hiyo injini ya mtumba unayoinunua imetoka katika hali gani? 1KD ina ugonjwa wake unaojulikana duniani kote, hasa zile za katikati ya miaka ya 2000. Washa za shaba zilizo chini ya injekta zikichoka, moshi wa ndani ya silinda hupenya hadi kwenye oili. Oili inageuka masizi mazito, masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, injini inakosa oili na kujiua yenyewe barabarani. Dawa yake ni rahisi ukiiwahi: fungua sampu, safisha chujio, badilisha washa. Lakini ni muuzaji gani wa Grogan atakayekuruhusu ufungue sampu ya injini iliyolala sakafuni kabla hujalipa? Unawashiwa kwa dakika mbili kwa betri ya kuazima, unaambiwa sikia ilivyotulia, unatoa pesa. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Tuseme umebahatika, injini ni nzima. Haya, ifunge. Hapo utagundua kwamba ulichonunua ni chuma, na akili ya injini imebaki kwingine. Kanyagio la D-4D halina waya wa kuvuta kama la 2H. Lina sensa, kwa hiyo nalo lazima lije. Kompyuta ni lazima ije, na nyaya zake zote zisizokatwa, na mara nyingi hata ufunguo wa gari la mwanzo, kwa sababu kinga ya wizi husoma ufunguo na isipoutambua injini haiwaki. Injekta za miaka ya baadaye zimeandikwa msimbo mrefu ambao huingizwa kwenye kompyuta kila unapobadilisha injekta. Nimeona nyaya za namna hiyo zimeungwa kwa kusokotwa mkono na kufungwa utepe mweusi, zikapitishwa juu ya bomba la moto la turbo. Joto la Lodwar hufika nyuzi 35 na kuzidi karibu mwaka mzima. Gundi ya utepe ule iliyeyuka, waya ukagusa mwenzake, na fundi akawa anatafuta kosa moja kwenye waya sitini.

Jambo dogo linaloonyesha haraka hii yote ni intakula. Kwenye Hilux na Prado, Toyota iliiweka juu ya injini na kutoboa boneti ili upepo uingie moja kwa moja. Boneti ya Land Cruiser ya miaka ya 1980 haina tundu hilo. Wengi huifunga intakula palepale juu na kushusha boneti juu yake. Kifaa kilichoundwa kupoza hewa sasa kimefungiwa mahali penye joto kuliko pote ndani ya gari, na hewa inayoingia kwenye silinda inatoka humo imepashwa. Mwenye gari atasema D-4D yake haina nguvu aliyoahidiwa. Kweli haina. Ukitaka iwe nayo, kata boneti, au hamishia intakula mbele ya rejeta, ambako tena itailia rejeta upepo wake. Na rejeta yenyewe ni ile kuukuu, nusu ya mirija imezibwa kwa solda.

Hapo ndipo ninapogombana hasa na neno "nafuu". Bei unayotajiwa ni ya injini. Haina mabano ya kuchomelea, haina klachi, haina kuoanisha giaboksi, rejeta, mabomba, kusafisha tangi, siku za fundi, wala breki. Breki hazitajwi kabisa! Gari lililoundwa kwa injini ya farasi mia moja na ushee linapewa injini ya zaidi ya mia moja na sitini, kisha linateremka Marich na ngoma zilezile za 1984.

Watasema mafuta yatarudisha gharama. Tupige hesabu basi, lakini tuipige kwa haki. Kawaida yao ni kulinganisha D-4D nzima na 2H inayokufa, yenye nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza. Ilinganishe na injini ya zamani iliyo nzima. Tuseme hiyo inakwenda kilomita 8 kwa lita, na D-4D kilomita 10. Lodwar–Kakuma kwenda na kurudi ni kilomita 240 hivi: lita 30 kwa 24. Umeokoa lita 6; kwa shilingi 180 lita moja, ni shilingi 1,080. Kama D-4D na vikorokoro vyake imekuzidishia laki mbili tu juu ya gharama ya injini ya kawaida, unahitaji safari 185 kuzirudisha. Ukienda mara moja kwa wiki ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, bila injekta hata moja kufa njiani. Mwenye kuniahidi miaka mitatu na nusu kwa dizeli ya dumu ajitokeze.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni lami. Kweli, barabara si ile tuliyoizoea. Ile iliyojengwa kwa msaada wa Norwei miaka ya 1980 ilikosa mtunzaji baada ya Kenya kuvunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1990, ikaoza mpaka madereva wakawa wanapita porini kando yake. Sasa lami mpya imelala, na Probox zinakimbia Lodwar hadi Kakuma kama ziko Eldoret. Nakubali yote hayo. Mwenye kubeba abiria mjini na asiyeiacha lami hata mita mia, anunue gari jipya kidogo lililotoka kiwandani na injini yake ya kisasa, nyaya zake zote mahali pake. Gari zima la kisasa ni jambo moja, na injini ya kisasa iliyopandikizwa kwenye mwili wa baba yake ni jambo lingine. Isitoshe, anayehangaika na Land Cruiser kuukuu hahangaiki kwa ajili ya lami. Anapeleka mahindi Lokori, mbuzi kutoka Oropoi, wagonjwa kutoka Kibish. Anavuka Kawalase mchanga ukiwa laini na Tarach maji yakiwa yameshuka nusu. Huko lami haijafika.

Kuna jambo la usalama ambalo mafundi wa skana hawapendi kulisikia. Injini ya kompyuta, sensa ikileta habari mbaya, hujipunguzia nguvu ili isijiharibu. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni busara: anaegesha kando na kungoja. Kati ya Kainuk na Lokichar, ambako magari yamewahi kupigwa risasi kwa miaka na miaka na mara kwa mara husindikizwa na polisi, gari linaloamua lenyewe kutembea kilomita 30 kwa saa ni hatari kuliko gari linalotoa moshi. Injini ya mitambo iliyokosa silinda moja itatikisika, itapiga kelele, itakunywa mafuta, lakini itakuvusha. Rejeta ikipasuka utaimwagia maji na kusonga. Dereva aliyewahi kuifikisha 3L Lokichar kwa silinda tatu ananielewa bila maelezo.

Kuhusu moshi na mazingira, nitasema kwa kifupi. D-4D huwa safi ikiwa na vifaa vyake vyote. Gerejini jambo la kwanza ni kuziba bomba linalorudisha moshi kwenye injini, la pili ni kung'oa kichujio cha ekzosi na kukiuza. Baada ya hapo asiniambie mtu kuhusu hewa safi.

Ukitaka kujua injini gani inafaa Turkana, waangalie wenye pesa wananunua nini. Kakuma ni kambi iliyofunguliwa 1992, na tangu wakati huo mashirika yamepita humo na magari yasiyohesabika. Mengi ya magari yao meupe ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, na kwa miaka mingi chini ya boneti ni 1HZ, injini ya 1990. Toyota Gibraltar, kampuni inayouzia mashirika ya misaada, imeendelea kuziuza muda mrefu baada ya Australia kuiacha 1HZ mwaka 2007 na kuchukua V8 ya kompyuta. Hawakukosa pesa za injini mpya. Walijua dizeli ya Lokichoggio ikoje na fundi wa karibu yuko umbali gani. Magari hayo yakichoka huenda mnadani, na spea zake husambaa mikononi mwa mafundi wetu. Leo nozeli ya 1HZ, gaskiti yake, pampu yake ya maji, unaweza kuvitafuta Kakuma kwa miguu. Injekta ya 1KD utaiagiza na kungoja basi.

Wazee wa Kalokol wanaijua hadithi hii vizuri kuliko mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa fedha za Norwei, walijengewa kiwanda cha kugandisha samaki kando ya ziwa. Mitambo ilikuwa ya kisasa kabisa. Ikaonekana kwamba umeme wa kuendesha friza na maji safi ya kiwanda, katikati ya jangwa, vinagharimu kuliko samaki wenyewe. Kiwanda kikazimwa mapema sana, jengo likabaki. Hakuna aliyeweza kusema mitambo ile ilikuwa mibovu. Ilikuwa mizuri mahali pengine.

Vijana wa skana watanijibu kwamba kwa mwendo huu hatutajifunza kamwe. Nawaheshimu, na jibu langu ni: jifunzeni kwanza. Don Bosco pale Kakuma wanafundisha ufundi wa magari, na wanafunzi wao ni wakimbizi na wenyeji pamoja. Darasa la injini za kompyuta likiimarika, maduka yakaweka injekta rafuni, na mtu wa Lorugum akaweza kupimiwa reli yake bila kupanda lori, nitakuwa wa kwanza kubadili msimamo. Kisichofaa ni kumfanya mteja maskini awe kitabu cha mazoezi.

Basi mwenye Land Cruiser iliyochoka afanyeje? Kwanza asibadilishe chochote kabla ya kupima. Injini nyingi zinazohukumiwa kifo Lodwar zina nozeli mbovu, pampu isiyopimwa, rejeta iliyoziba na chujio la hewa lililojaa mchanga. Peleka pampu na nozeli kwa fundi wa pampu Kitale, safisha rejeta, kisha ndipo upime kompresheni. Ukikuta kweli imekwisha, weka injini ya ukoo uleule au iliyo karibu nao. Mwenye Hilux au Hiace ya 2L ana bahati kuliko wote, maana 2L, 3L na 5L ni ndugu: umbo la nje ni lile, mabano yaleyale, giaboksi ileile, na kutoka lita 2.4 za 2L unapanda hadi karibu lita 3.0 za 5L bila kuchomelea chuma. Kazi hiyo fundi wa Kakuma anaimaliza chini ya mgunga. Mwenye Land Cruiser atafute 1HZ, lakini aangalie: nyingi zilizokuja kutoka Japani zina stata na alteneta za volti 24, na za huku ni volti 12. Uliza kabla ya kulipa. Usijaribiwe na 1UZ, V8 ya petroli ya lita 4.0 inayouzwa bei ya kutupa. Inatupwa kwa sababu ya kiu yake.

Na karatasi. Injini mpya ni namba mpya, na kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mabadiliko kama hayo lazima yafike kwa msajili. Siku hizi ni NTSA. Gari litakaguliwa, na utadaiwa hati za mahali injini ilipotoka. Usipofanya hivyo, namba iliyo kwenye logbuku haifanani na iliyo kwenye chuma, na siku ya ajali bima itakuwa imepata sababu ya kukukwepa. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa Grogan, chukua tochi, soma namba iliyogongwa kwenye bloku kwa macho yako, na usiondoke bila risiti iliyoandikwa namba hiyohiyo.